Njia ya miwa nayo ni barabara

Umefika Shianda. Pengine basi la usiku kutoka Nairobi lilikuacha Kakamega alfajiri ukapanda matatu ya Mumias, au pengine ndugu yako mwenye gari amekuteremsha hapo sokoni na kuendelea na safari zake. Vyovyote iwavyo, sasa umesimama kando ya lami na mizigo iko miguuni: mifuko miwili ya nguo, mikate ya kukhu ambayo tayari imebonyea, majani ya chai na kilo nne za sukari. Naam, sukari, nawe unaipeleka Mumias! Watoto wana usingizi na mdogo wao analia.

Kabla hujainua kichwa, vijana watano wa bodaboda wamekuzunguka. Mmoja amekwisha kuchukua mfuko, mwingine amemnyanyua kitinda mimba wako na kumketisha juu ya tangi la petroli. Mnajadiliana bei. Wewe, kwa kuwa umetoka mjini na hutaki kupunjwa, unashikilia lako: "Tubebe sote kwa hiyo mia mbili." Naye, kwa kuwa Desemba huja mara moja tu kwa mwaka, anakubali. Mtoto mbele, mwendeshaji, mtoto wa pili, mama yao nyuma kabisa, na mkoba ukining'inia kwenye usukani. Helmeti iko moja tu, nayo imevishwa kioo cha pembeni.

Hebu nikuulize, msomaji: ungekubali jambo hili kwenye barabara ya Thika au ya Mombasa? La hasha. Mjini watoto wako unawavusha barabara ukiwashika mikono, na dereva wa basi la shule akichelewa dakika kumi unapiga simu. Lakini ukifika nyumbani, mara tu lami inapoisha, kuna kitu ndani yako kinacholegea. Unajiambia kwamba hapa ni mashambani, hakuna magari, kila mtu anamjua mwenzake, na safari yenyewe ni fupi.

Sisemi haya kwa kumnyoshea mtu kidole. Kwenye muundi wangu wa mguu wa kulia lipo kovu lenye ukubwa wa ndizi ndogo, nililopigwa na bomba la moshi la pikipiki hapo hapo karibu na Shianda, kwa sababu nilipandia upande wa kulia nikiwa na haraka ya kwenda kwenye matanga. Tangu siku hiyo napandia kushoto. Hata hivyo, miaka mingi ilipita kabla sijajifunza jambo jingine lolote kuhusu pikipiki.

BAISKELI HADI BOXER

Wazee wa upande wetu wanakumbuka kwamba bodaboda ilianza ikiwa baiskeli. Huko Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda, waendesha baiskeli walikuwa wakiwapakia wasafiri kutoka kituo cha forodha cha nchi moja hadi cha nchi nyingine, wakinadi kwa neno la Kiingereza la mpaka, na neno hilo likageuka kuwa jina la kazi. Kutoka hapo baiskeli zenye kiti cha sponji nyuma zilienea Mumias, Kakamega, Kisumu na kwingineko. Mwendo wake ulikuwa wa miguu ya mtu. Ukianguka, ulichubuka goti ukainuka ukipangusa vumbi.

Mwaka 2008 serikali iliziondolea kodi ya VAT pikipiki zenye injini ya chini ya cc 250. Hilo lilikuwa jambo jema kwa vijana wasio na kazi, na sitaki nieleweke vibaya: pikipiki imewapeleka wajawazito hospitalini usiku wa manane mahali ambapo hakuna gari lingeweza kufika, imesomesha watoto, na imeezeka nyumba nyingi mabati. Lakini mashine zilikuja kwa maelfu na mafunzo hayakuja pamoja nazo. Kijana aliyekuwa akikanyaga pedali Jumatatu alikuwa na cc 100 chini ya makalio yake Ijumaa, naye mwalimu wake alikuwa rafikiye aliyejifunza wiki mbili kabla yake.

Matokeo yake yanajulikana. Kulingana na Mamlaka ya Kitaifa ya Usafiri na Usalama, NTSA, watu 4,748 waliuawa katika ajali za barabarani nchini mwaka 2024. Watembeao kwa miguu ndio walioongoza, na waendesha pikipiki wakafuata.

Katika nchi ya Wanga, pikipiki ilikuta pia kitu ambacho si kila mahali kipo: njia za miwa. Kiwanda cha Mumias kilipoanza kusaga mwaka 1973, mashamba ya wakulima yalikatwakatwa kwa vijia vya kupitishia trekta na matrela. Kiwanda kimepitia misukosuko tangu wakati huo. Kiliwekwa chini ya mrasimu mwaka 2019 na kikawashwa tena mwaka 2022. Lakini vijia havikwenda popote. Vinatambaa kutoka boma hadi boma, vingine vipana vya kutosha trekta, vingine vimebanwa na nyasi hadi vikabaki mstari mmoja wa udongo mwekundu uliochongwa na magurudumu mawili.

Mgeni asiyejua hudhani njia hiyo ni ile ile aliyoiacha mwaka jana. Sivyo. Muwa hukaa shambani kiasi cha mwaka mmoja na nusu kabla ya kukatwa. Desemba ile uliyokuja, shamba la kwenye kona lilikuwa limevunwa nawe uliona hadi ng'ambo ya pili. Desemba hii miwa imepita kimo cha mtu aliyeketi juu ya pikipiki, na kona ile ile imekuwa ukuta. Nyuma ya ukuta huo panaweza kuwa na trekta, mtoto anayesukuma baiskeli yenye mtungi wa maji, au mama aliyejitwika kuni.

Halafu kuna udongo wenyewe. Kakamega ni mojawapo ya sehemu zenye mvua nyingi zaidi nchini. Ikinyesha, udongo ule hugeuka sabuni. Ikianika wiki mbili, murram hufumuka na kuacha kokoto zinazoviringika chini ya tairi kama mahindi makavu juu ya sakafu ya saruji. Wazungu wenye fedha hununua pikipiki maalumu za kuchezea njia za namna hiyo, zenye springi ndefu na matairi yenye meno makubwa. Sisi twaenda na Boxer yenye tairi lililokwisha kulika likabaki kipara kama paja la mtoto.

WANAFUNZI NA "DURU MOJA TU"

Sasa niwageukie nyinyi wanafunzi, maana hapa ndipo penye kiini cha habari yangu. Mzazi hupanda pikipiki ili afike. Kijana wa mjini aliyekuja likizo huipanda ili afurahi.

Huwa hivi. Baba mdogo amerudi kula chakula cha mchana. Pikipiki yake imeegeshwa chini ya mwembe na ufunguo uko mezani. Kijana, ambaye huko Buruburu au Kariobangi hajawahi kuguswa na upepo wa pikipiki aliyoiendesha mwenyewe, anaomba: "Duru moja tu, hadi kwa kina Senje na kurudi." Baba mdogo hataki kuonekana mchoyo mbele ya watoto wa ndugu yake. Anamwonyesha klachi, gia na breki. Somo linamalizika kabla ugali haujapoa. Jioni yake kijana anapita kwenye njia za miwa akiwa amewapakia binamu wawili, mashati yametuna kwa upepo, nao wanaimba.

Kijana wa ndugu yangu alikuwa kidato cha tatu alipoomba duru yake. Nitamhifadhi jina. Ilikuwa siku mbili baada ya Krismasi, jua limeanza kulala na linapiga machoni. Upande wa kushoto wa njia aliona ng'ombe anakula nyasi, akampisha vizuri kwa kusogea kulia. Kitu ambacho hakukiona ni kamba. Kigingi cha ng'ombe yule kilikuwa kimepigwa upande wa kulia wa njia, na kamba ya katani, yenye rangi ile ile ya vumbi, ilikuwa imekatiza katikati. Ng'ombe alishtuka, kamba ikakaza. Kijana akafanya kile ambacho kila asiyefunzwa hufanya: alikamata breki ya mbele kwa nguvu zake zote.

Juu ya lami breki ya mbele ndiyo rafiki yako. Juu ya kokoto ukiikamata ghafla, gurudumu la mbele hufunga, huteleza, na pikipiki inalala kabla hujajua limetokea nini. Binamu wawili walichubuka na kulia. Yeye alivunjika muundi wa kushoto, na kichwa chake kikapiga ukingo mgumu wa tuta uliokaushwa na jua. Helmeti ilikuwa nyumbani, imefungwa kwa mnyororo kwenye dirisha isije ikaibwa.

Mfupa uliunga. Muhula wa kwanza aliukosa wote. Lakini hadi leo, akiwa mtu mzima, utamtuma dukani vitu vitatu akarudi na kimoja, na maumivu ya kichwa humjia bila sababu. Alikuwa kijana wa hesabu, yule. Siku hizi mama yake hasemi lolote tukitaja Desemba.

Ubaya wenyewe ulikuja hospitalini, gharama zilipoanza kuhesabiwa. Kijana hakuwa na leseni. Bima ya pikipiki ilikuwa imekwisha tangu Oktoba. Pikipiki, ambayo ndiyo iliyokuwa ikilisha nyumba ya baba mdogo, ilikaa miezi mitatu uani ikiwa na usukani uliopinda. Ndugu wawili waliozaliwa tumbo moja wakaanza kusalimiana kwa shingo upande: huyu anasema "ulimpa mwanangu chuma bila kumfunza," na yule anasema "mwanao mwenyewe ndiye aliyeomba." Nami nilisikia sentensi moja ikirudiwa na kila mtu katika kikao cha ukoo: ati kwa bahati nzuri ajali haikutokea barabarani, ilitokea shambani, kwa hivyo hakuna mambo ya sheria.

Hapo ndipo walipokosea, na ndipo wengi wetu tunapokosea.

NENO "BARABARA"

Sheria ya Trafiki ya Kenya, Sura ya 403, haisemi kwamba barabara ni lami. Katika maana inayoitoa mwanzoni kabisa, barabara ni pamoja na njia yoyote nyingine, hata kijia cha waendao kwa miguu, ambamo vyombo vya moto vinaweza kupita na umma unaruhusiwa kupita. Isome tena polepole. Kile kijia cha miwa ambamo jirani hupita kwenda kisimani, mtoto hupita kwenda shule na trekta hupita kuchukua miwa, ni barabara. Leseni inahitajika pale. Bima inahitajika. Helmeti pia. Na mwenye pikipiki anayempa mtu asiye na leseni aiendeshe, hata kama ni mtoto wa ndugu yake na hata kama ni duru moja tu, naye ametenda kosa.

Sheria hiyo hiyo inaruhusu pikipiki ya magurudumu mawili kubeba abiria mmoja tu zaidi ya mwendeshaji, aketi kwa kupanua miguu huku na huku, juu ya kiti kilichofungwa imara nyuma ya mwendeshaji. Juu ya tangi si kiti. Mama anayeketi kiupande kwa heshima ya kanga yake naye hayumo katika sheria, ingawa hilo najua litaleta mjadala mrefu. Kanuni za NTSA za mwaka 2015 zikaongeza kwamba mwendeshaji na abiria wote wawili wavae helmeti na jaketi la kung'aa. Ndugu zetu wa Tanzania wana jina la kupakiana watatu na wanne juu ya pikipiki: wanaita mshikaki. Nalipenda jina hilo kwa sababu halifichi kitu.

Utaniuliza: ni askari gani wa trafiki atakayekwenda kujificha kwenye miwa akingojea vijana? Hakuna. Askari wako kwenye lami, na hata huko tunajua mambo yanavyokwenda. Hapo ndipo pengo lilipo. Sheria inafika hadi kijiani, lakini msimamizi wake anaishia kituoni.

Watu wenye uwezo wanaocheza na magari nje ya barabara hapa Kenya wameliziba pengo hilo wenyewe. Mashindano ya Rhino Charge, yaliyoanza mwaka 1989 kuchangia ua wa kuzunguka msitu wa Aberdare, hupitisha magari kwenye mabonde na mawe ambapo hata mbuzi angesita. Lakini kabla ya kuanza, kila gari hukaguliwa, washindani huwa na kanuni zao, na waganga huwa tayari. Watalii wanaokodi pikipiki za magurudumu manne kule Diani hupewa helmeti kwanza. Mchezo ni ule ule wa kijana wetu, vumbi ni lile lile. Tofauti ni kwamba wale wanajua kwamba wanachofanya ni hatari, kwa hivyo wanajiandaa. Sisi tunakiita kwenda kwa kina Senje.

Marekani nao walipitia hayo. Mwaka 1970 kampuni ya Honda ilianza kuuza huko kipikipiki cha magurudumu matatu manene, cha kuchezea mchangani na mashambani. Watoto walikipenda mno. Kwa macho kilionekana salama kuliko pikipiki, kwa kuwa hakianguki ukikisimamisha. Kumbe kwenye kona kilipinduka upesi. Kufikia miaka ya 1980 maiti zilikuwa mamia, na sehemu kubwa walikuwa watoto wa chini ya miaka 16. Wamarekani hawakutuma polisi kila shamba, wasingeweza. Walikwenda kwa watengenezaji. Mwaka 1988 mahakama iliidhinisha makubaliano ambayo kwayo kampuni ziliacha kuuza vyombo vipya vya magurudumu matatu, zikakubali kuwapa wanunuzi mafunzo bila malipo, na zikatakiwa kuwaonya wazazi kwamba mtoto wa chini ya miaka 16 asipandishwe kwenye chombo chenye injini ya zaidi ya cc 90. Makubaliano yale yalidumu miaka kumi, na mwaka 2008 sheria ikafunga mlango kwa vyombo vipya vya magurudumu matatu.

Mimi naona sisi tuliruka hatua hiyo. Duka la pikipiki mjini Kakamega au Mumias litakuuzia chombo leo ukiwa na fedha au mkopo, na hakuna atakayekuuliza umefunzwa na nani. Kisha tunangoja hadi kijana awe njiani ndipo tumkimbize kwa faini. Mwaka 2023 Seneta wa Kakamega, Boni Khalwale, ambaye kwa kazi yake ya asili ni daktari, alipeleka Seneti mswada wa kusimamia usafiri wa pikipiki za umma, uliotaka kila kaunti iwe na bodi ya kuwasajili waendeshaji, wafunzwe, na wasibebe abiria zaidi ya mmoja. Waendeshaji wengi waliupokea kwa hasira, wakihofia ada na faini mpya, na sishangai: wamezoea kwamba sheria ikiwajia huwajia na mkono ulionyoshwa. Bado nasema kumsajili na kumfunza mtu kabla hajabeba mtoto wangu si kumwonea. Ila mswada ule, kama jina lake lilivyosema, ulihusu wabebaji wa abiria. Kijana wa likizo na pikipiki ya baba mdogo hayumo.

Basi nani atamsimamia? Ni wewe uliyemleta.

KABLA YA KUPANDA

Wanyarwanda wamefaulu katika jambo moja ambalo natamani tulichukue kama lilivyo. Jijini Kigali mwendeshaji huwa na helmeti mbili, yake na yako, naye hupakia abiria mmoja. Huko abiria wenyewe wamekwisha kuzoea kuvaa helmeti. Hapa kwetu mwendeshaji wa Shianda akikupa helmeti utainusa, utauliza imevaliwa na nani, na utamrudishia kwa sababu ya nywele. Nimeona hivyo mara nyingi, na mara moja mrudishaji alikuwa mimi.

Jibu langu siku hizi ni kubeba yangu. Wapo wanaonicheka kituo cha basi Machakos kwa kupanda basi la magharibi nikiwa na helmeti mbili mkononi, moja ya mtu mzima na moja ya mtoto, kama mtu anayekwenda mbio za magari. Waache wacheke. Uchunguzi uliojumlisha tafiti nyingi za nchi mbalimbali ulionyesha kwamba helmeti hupunguza uwezekano wa mwendesha pikipiki kufa katika ajali kwa asilimia 42, na wa kuumia kichwa kwa asilimia 69. Lakini iwe helmeti kweli. Ile nyepesi kama bakuli la plastiki, iliyofanana na ya wajenzi wa nyumba, haikukusudiwa kwa kazi hii. Tafuta alama ya ubora ya KEBS, ivae, funga ukanda wa kidevuni, kisha tikisa kichwa kama unayekataa deni. Ikizunguka peke yake, ni kubwa mno. Ndiyo maana mtoto hawezi kuvaa ya baba yake: itamziba macho, na akianguka itatangulia kutoka.

Habari ya bei pia tuseme ukweli. Familia ya watu wanne, kwa sheria, inahitaji pikipiki nne, na mtoto ambaye miguu yake haifiki mahali pa kukanyagia hafai kupanda kabisa. Najua gharama. Lakini kwa mizigo ile na watoto wale, mara nyingi afadhali kukodi gari dogo au tuktuk hadi mahali linapoweza kufika kisha mkamalizia kwa miguu; watoto wa mjini hawajafa kwa kutembea kilomita moja. Tukimshurutisha kijana wa watu atubebe sote kwa bei ya mmoja, sisi ndio tunaomvunjisha sheria, kisha tukirudi Nairobi tunaandika kwenye simu zetu kwamba waendeshaji bodaboda hawana nidhamu.

Na kama ni lazima kijana ajifunze, kwa kuwa kumkataza tu ni kumfundisha kuiba ufunguo, basi ajifunze kama mtu. Kwanza shule ya udereva na leseni, akishafikisha umri unaoruhusiwa. Kisha uwanja mtupu, asubuhi, bila binamu nyuma. Ajue kupunguza mwendo kwa kushusha gia kabla ya kufika kwenye kona, si ndani yake. Juu ya kokoto na matope abane breki ya nyuma polepole na aiguse ile ya mbele kwa vidole viwili tu. Asizime injini mteremkoni ili kuokoa petroli, kama wafanyavyo wengi, maana hapo ndipo anapojinyima msaada wa gia. Kwenye kona ya miwa apige honi na aende mwendo wa kumwezesha kusimama ndani ya umbali anaouona. Akiona ng'ombe upande mmoja, atafute kigingi upande wa pili.

Jua likianza kutua, arudi. Matrela ya miwa hayana taa za nyuma za kuaminika, na yaliyoharibika huachwa njiani yalivyo.

Baba mdogo yule alitengeneza usukani na bado anafanya kazi pale sokoni. Pikipiki yake ya sasa ni nyingine. Krismasi iliyopita nilimkuta amepigilia misumari miwili ukutani sebuleni, kando ya kalenda za miaka mitatu iliyopita ambazo kukhu hataki ziondolewe kwa sababu ya picha zake. Kwenye msumari mmoja ameangika helmeti yake na kwenye wa pili ile ya mtoto niliyoiacha mwaka wa kwanza. Ufunguo wa pikipiki ameufunga kwenye ukanda wa helmeti kwa kamba ya kiatu, hata mtu akitaka kuuchukua inambidi kwanza aishushe helmeti.

Mpwa wangu wa miaka kumi na saba alikuja akaomba duru moja tu. Baba mdogo hakusema neno. Alinyosha kidole kwenye msumari, kisha akamwuliza leseni iko wapi. Kijana akacheka, akaenda zake kucheza mpira.